Kanula Ipi, Mshipa Upi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuchomwa Mara kwa Mara Wodini

Barua nyingi za safari hii zinazungumzia jambo moja: mgonjwa analazwa akiwa na mikono mizima, anatoka imejaa madoa ya sindano. Zimetoka kwa wagonjwa, kwa ndugu wanaouguza, na kwa wauguzi wenyewe ambao kazi hii inawaumiza pia. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kutumika kesho asubuhi wodini.

Mama yangu alilazwa siku 9 kwa jipu la ndani ya tumbo, akipewa antibaiotiki ya mshipani mara tatu kwa siku. Kanula, ule mrija laini wa plastiki unaoachwa mshipani, ilibadilishwa mara 5, na kila mara alichomwa mara mbili au tatu kabla mshipa haujapatikana. Hakukuwa na kifaa kingine? (Binti anayeuguza)

Pole sana, dada. Vifaa vingine vipo, na wakati wa kuvifikiria ni siku ya kwanza, mishipa ikiwa bado mizima. Siku ya sita kila mtu anakuwa anatafuta mahali palipobaki.

Kanula fupi ya kawaida, yenye urefu wa sentimita 2 hadi 4 na ushee, ni kifaa cha siku chache. Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba kati ya kanula 100, 35 hadi 50 huharibika kabla tiba haijakamilika: huchomoka, huziba, huvujisha dawa nje ya mshipa, au mshipa wenyewe huvimba na kuuma. Mtu anayejulikana tangu mwanzo kwamba atatibiwa siku 9, ukimwekea kanula fupi, umeshampangia sindano nyingine bila kusema.

Kabla ya kufungua pakiti yoyote, kuna mambo matatu ya kujua: dawa gani inaingia, itaingia siku ngapi, na mishipa ya mgonjwa ikoje.

Dawa hutangulia, kwa sababu mshipa wa mkono ni mwembamba. Damu inayopita humo ni makumi ya mililita tu kwa dakika, ilhali mshipa mkubwa unaoingia moyoni kutoka juu hupitisha takriban lita 2 kwa dakika. Dawa kali ikiingia mkononi haipati damu ya kuizimua, inakaa ikiunguza ukuta wa mshipa. Ndiyo maana chakula kamili cha mshipani, maji ya sukari yenye nguvu inayozidi asilimia 10 au 12 hivi, na dawa za saratani zinazochoma nyama hupelekwa kwenye mshipa mkubwa. Mpaka unaotumiwa sana ni osmolariti, yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka kwenye dawa, ya miliosmoli 900 kwa lita: kinachozidi hapo hakifai mkononi. Asidi na alkali navyo vina neno. Vankomaisini ina asidi kali; asaiklovia na fenitoini ziko upande wa pili kabisa. Muuguzi akiona kanula za mgonjwa huyohuyo zinakufa kila baada ya siku moja, atazame kwanza chupa ya dawa kabla ya kulaumu mshipa.

Halafu siku. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililoongozwa kutoka Michigan, Marekani, lilitoa mwongozo uitwao MAGIC. Kwa dawa ambayo mshipa wa mkono unaivumilia, unasema hivi: tiba isiyozidi siku 5, kanula ya kawaida inafaa. Hadi siku 14, fikiria kanula iliyowekwa kwa kuongozwa na ultrasaundi, au katheta, yaani mrija mrefu zaidi, iitwayo midilaini. Katheta ya PICC, ile inayoingilia mkononi na ncha yake kufika karibu na moyo, haifai kabisa kwa tiba ya siku 5 au pungufu kama dawa inaweza kupita mkononi.

Midilaini ndiyo ambayo ingemfaa mama yako, ikiwa antibaiotiki yake ilikuwa ya kawaida. Ni katheta laini ya sentimita 8 hadi 20. Huingizwa kwenye mshipa mnene wa juu ya kiwiko kwa msaada wa ultrasaundi, na ncha yake huishia chini kidogo ya kwapa. Kwa kuwa haifiki kifuani, haihitaji eksirei ya kuthibitisha ncha ilipo. Mchomo mmoja unaweza kumbeba mgonjwa tiba nzima. Ila haigeuzi dawa kali kuwa dawa laini: kisichofaa kwenye kanula fupi hakifai humo pia. Tena mshipa wake uko ndani, kwa hiyo dawa ikivuja ngozi haivimbi mapema kama inavyovimba kwenye kiganja. Pima mzunguko wa mkono siku ya kuweka, uandike kwenye faili, upime tena mgonjwa akilalamika.

PICC ina kazi yake: dawa kali, au tiba ya wiki kadhaa. Lakini inaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya mkono na kuingiza vijidudu kwenye damu, kwa hiyo kuiweka ili tu kumpunguzia mtu sindano za siku 3 ni kumbadilishia maumivu madogo kwa hatari kubwa.

Na lipo swali ambalo ndugu wa mgonjwa anaweza kuliuliza kila siku madaktari wanapopita: "Dawa hii haiwezi kuwa ya kumeza sasa?" Mgonjwa anayekula, homa imeshuka, na ugonjwa wake una kidonge kinachofaa, hahitaji kanula yoyote.

Nilifundishwa kwamba kanula kubwa ndiyo salama, kwa hiyo kila anayelazwa namwekea namba 18. Wenzangu wanasema naharibu mishipa. Nani yuko sahihi? (Muuguzi, wodi ya wanaume)

Wenzako wana hoja, na hesabu iko upande wao.

Namba ikipanda, kanula inapungua unene. Namba 14 ni ya rangi ya chungwa, 16 kijivu, 18 kijani, 20 waridi, 22 bluu, 24 njano, 26 zambarau. Kasi ya maji hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji na huandikwa kwenye pakiti, lakini kwa kukadiria, namba 24 hupitisha mililita 20 kwa dakika, namba 22 mililita 35, namba 20 mililita 60, namba 18 mililita 90 hadi 100.

Sasa chukua dripu ya kawaida ya lita 1 kwa saa 8. Hiyo ni mililita 125 kwa saa, yaani mililita 2 na kidogo kwa dakika. Kanula ya bluu inaweza kupitisha zaidi ya mara 15 ya kiasi hicho. Chupa ya damu ya mililita 300 ikienda kwa saa 3 haifiki hata mililita 2 kwa dakika. Damu hupita salama kwenye namba 22, na kwa watoto kwenye 24, mradi usiilazimishe kwa shinikizo. Mgonjwa aliyelala akisubiri antibaiotiki hapati faida yoyote kutokana na kijani.

Anachopata ni msuguano. Kanula ikijaza mshipa, damu haipiti pembeni yake. Dawa haizimuliwi, plastiki inakwaruza ukuta, damu inasimama na kuganda. Kipimo kilichoanzia kwenye katheta ndefu, na ambacho ni mwongozo mzuri hata hapa, ni kwamba kifaa kisichukue zaidi ya asilimia 45 ya upana wa mshipa. Namba 18 ina kipenyo cha milimita 1.3 hivi, kwa hiyo inataka mshipa wa karibu milimita 3. Namba 20, yenye milimita 1.1, inataka milimita 2.4. Namba 22, yenye milimita 0.9, inaridhika na milimita 2. Upime kabla hujafunga mkono, maana mshipa uliofungwa unakudanganya.

Kwa hiyo chukua kanula ndogo kuliko zote inayoweza kufanya kazi iliyopo. Kwa watu wazima wengi wodini ni namba 22 au 20.

Kubwa zina siku yake, na siku hiyo usisitesite. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, majeruhi, mgonjwa anayeingia upasuaji unaotarajiwa kumwaga damu nyingi: weka mbili, namba 16 au 14. Fizikia ya mrija inasema kasi ya maji hufuata nusu kipenyo kikipigwa kwa chenyewe mara nne, na hupungua kadiri mrija unavyorefuka. Kanula fupi nene huishinda katheta ndefu nyembamba kwa mbali, ndiyo maana midilaini haifai kuokolea mtu anayevuja damu. Kwa picha za CT zenye rangi inayosukumwa kwa mashine, kwa kawaida hutakiwa namba 20 au kubwa zaidi. Waulize watu wa picha kabla ya kuchoma, usije ukamchoma mgonjwa tena mlangoni kwao.

Mshipa wa kwenye kiwiko ndio unaoonekana kirahisi. Kuna ubaya gani kuutumia? (Mwanafunzi wa utabibu)

Kiwiko kinakunjwa. Kila mkunjo unapinda kanula, dripu inasimama, ncha inachokoa mshipa, na mgonjwa anaishi mkono umenyooka kama ubao. Kifundo cha mkono kina ubaya huohuo, na juu yake mishipa ya fahamu iko karibu na ngozi. Mahali pazuri ni sehemu ya mkono kati ya kifundo na kiwiko, iliyonyooka, ambapo mifupa miwili inafanya kazi ya banzi bila mtu kulifunga. Kiwiko kiwe cha dharura au cha kuchukulia damu. Mguu wa mtu mzima uachwe, damu huganda humo kirahisi.

Ukishakosa mahali fulani, jaribio linalofuata liwe juu zaidi kuelekea kwapa, au mkono mwingine. Ukirudi chini ya tundu ulilolitoboa, dawa itatokea huko juu.

Damu inachungulia vizuri kwenye kichwa cha sindano, lakini nikisukuma kanula mshipa unavimba palepale. Nakosea wapi? (Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili)

Chukua kanula mpya uitazame ncha yake kwenye mwanga. Chuma kimeutangulia mrija laini kwa milimita 1 hadi 2. Damu inapochungulia, kilichoingia mshipani ni ncha ya chuma, na mrija bado unabisha hodi ukutani. Ukiusukuma hapo unausukuma ukuta wenyewe, unapasuka.

Ingia kwa nyuzi 10 hadi 30, mshipa wa juujuu kwa mlalo zaidi. Damu ikionekana, simama. Shusha sindano ikaribie kulala juu ya ngozi, sogeza kifaa kizima mbele milimita 2 au 3, ndipo ushikilie chuma kisitikisike na kuuteleza mrija uende peke yake. Muda wote huo kidole gumba cha mkono mwingine kiwe kimeivuta ngozi kwa chini. Wengi huiachia ngozi mara tu damu inapoonekana, na mshipa unajikunja mbele ya kanula.

Kwa wazee na waliotumia steroidi muda mrefu, tatizo mara nyingi ni mpira wa kufungia mkono. Mshipa umejaa mno, ukitobolewa kidogo unapasuka. Ulegeze, au usifunge kabisa. Na kwa yeyote yule, mapigo ya kifundoni yaendelee kusikika mkono ukiwa umefungwa. Yakipotea umeziba hata damu inayoingia, sasa mshipa utajazwa na nini?

Mrija ukikwama katikati, huenda umegonga vali, kile kijilango kilicho ndani ya mshipa. Toa chuma, unganisha bomba la sindano lenye maji ya chumvi, sukuma maji taratibu huku ukiupeleka mrija mbele. Lakini chuma kikishatoka, au hata kikirudi nyuma kidogo, usikirudishe ndani ya mrija ulio mshipani. Kinaukata, na kipande cha plastiki kinasafiri na damu hadi kwenye moyo au mapafu.

Tumepata mashine ya ultrasaundi na tumefundishwa kuitumia. Mshipa tunaupata mara ya kwanza, lakini kanula nyingi zinavuja kabla ya siku kuisha. Mashine ina faida gani basi? (Muuguzi kiongozi, idara ya dharura)

Mashine haina kosa. Kanula ndiyo fupi.

Chukua mshipa ulio sentimita 1.5 chini ya ngozi. Ukiingia kwa nyuzi 45, sindano inasafiri takriban sentimita 2.1 kabla ya kuugusa. Kanula ya kawaida ya sentimita 3 inabaki na sentimita 0.9 tu mle ndani. Mgonjwa akigeuka, akajikuna, au mkono ukivimba kidogo, ncha inatoka mshipani na dawa inaingia nyamani. Ya sentimita 4.8 ingebaki na 2.7.

Lengo ni angalau theluthi mbili za urefu wa kanula ziwe ndani ya mshipa. Kwa hiyo kabla hamjafungua pakiti, someni kina kwenye kioo, mkizidishe kwa 1.4 kwa mwingilio wa nyuzi 45, muone kinachobaki. Mshipa wenye kina cha sentimita 1.5 au zaidi uachieni midilaini au katheta ya mshipa wa mkononi ya sentimita 6 na kuendelea, au tafuteni ulio karibu zaidi na ngozi. Katika mfano wetu hata ya 4.8 haifikii theluthi mbili. Juu juu, sentimita 0.5 hadi 1, ndiko mavuno yaliko.

Mkishaingia, msiishie kuona nukta nyeupe ya ncha. Endeleeni kuifuata ndani ya mshipa hatua kwa hatua kwa kusogeza kipimio, kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi, mbele, sentimita nzima au zaidi, ndipo mteleze mrija. Jeli iwe safi ya pakiti moja moja, na kipimio kivikwe. Jeli ya chupa ya wote inabeba vijidudu vya wote. Ifuteni yote kabla ya kubandika plasta, vinginevyo haitashika, na kanula mliyoihangaikia itachomoka mgonjwa akivaa shati.

Wodini kwetu kila kanula inang'olewa ikifika saa 72, hata ikiwa nzuri. Ni lazima? (Muuguzi)

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Australia uliofuata wagonjwa 3,283 katika hospitali tatu. Waliobadilishiwa kwa ratiba na walioachiwa hadi kuwe na sababu, mishipa ilivimba sawasawa: asilimia 7 kila upande. Tofauti ilikuwa kwenye idadi ya sindano.

Ila "hadi kuwe na sababu" inamwajibisha muuguzi kuitazama kanula kila zamu, plasta iwe ya uwazi, na kumuuliza mgonjwa kama inauma. Maumivu pamoja na wekundu au uvimbe, itoke saa hiyohiyo. Iliyowekwa kwa haraka bila usafi wa uhakika, barabarani au katika kumfufua mtu, ibadilishwe ndani ya saa 48. Isiyotumika kwa saa 24 itolewe. Kama hamuwezi kuahidi ukaguzi wa kila zamu, ratiba ya kubadilisha ni salama zaidi kwenu, kusema kweli.

Nina kanula mkononi, lakini kila asubuhi nachomwa upya kuchukuliwa damu ya vipimo. Kwa nini wasiivute hapohapo? (Mgonjwa)

Wakati mwingine inawezekana. Nafasi nzuri kuliko zote ni dakika kanula inapowekwa: kabla ya kuunganisha dripu, damu ya vipimo vya siku hiyo inavutwa humohumo, polepole, maana kuvuta kwa nguvu kunapasua chembe za damu na potasiamu inasomeka juu kwa uongo.

Baadaye inakuwa vigumu. Kanula nyembamba hunywea ikivutwa, na maji ya dripu yanachanganyika na damu. Sampuli yenye mabaki ya dripu ya sukari inaweza kumfanya mtu aonekane ana kisukari. Anayetaka kujaribu asimamishe dripu angalau dakika 2, atupe mililita 2 hadi 5 za kwanza, avute taratibu, kisha asafishe kanula kwa mililita 10 za maji ya chumvi. Damu ya kuotesha vijidudu isichukuliwe kwenye kanula ya zamani, wala ya kupima mgando kama heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, imepita humo.

Lakini sindano nyingi zaidi huokolewa kwenye karatasi ya kuagiza vipimo. Daktari wa asubuhi anaagiza kimoja, wa mchana kingine, wa jioni cha tatu, na wewe unachomwa mara tatu. Waombe wavikusanye. Damu ya asubuhi mara nyingi bado iko maabara na kipimo cha nyongeza kinaweza kufanyiwa humohumo. Una haki pia ya kuuliza matokeo ya kipimo cha kila siku yatabadilisha nini kwenye matibabu.

Baba figo zake zimedhoofika, bado hajaanza kusafishwa damu. Sasa amelazwa kwa kidonda na wanataka kumwekea katheta ndefu ya mkononi. Kliniki ya figo ilisema mikono yake itunzwe. Tukatae? (Kijana wake)

Ombeni isubiri kwanza, na ombeni timu ya figo iitwe. Uchujaji wa figo, ulioandikwa eGFR kwenye majibu ya damu, ukishuka chini ya mililita 45 kwa dakika, mwongozo ni kuepuka PICC na midilaini kwenye mikono. Baba akija kuhitaji mashine, daktari ataunganisha ateri na vena ya mkononi kutengeneza fistula, na vena iliyokwisha kupata kovu au kuziba kwa katheta haitapanuka. Kinachookolewa leo ni mlango wake wa kuingilia mashine kwa miaka mingi.

Kwa siku chache, kanula ndogo nyuma ya kiganja, ikiwezekana mkono anaoutumia zaidi, kwa kuwa fistula hupendelewa mkono mwingine. Kwa wiki kadhaa, katheta nyembamba inayopitishwa chini ya ngozi hadi mshipa wa shingoni. Ule wa chini ya mtulinga uepukwe, huwa unasinyaa baadaye na kuharibu fistula ya upande huo. Kama fistula ipo tayari, mkono huo hauchomwi wala haufungwi kipimo cha presha.

Mwanangu ana miezi 7. Kanula haikai hata siku, anaichomoa. (Mama)

Pole mama. Kwa umri wake namba 24, ile ya njano, kwa kawaida inatosha, na kinachoamua itakaa muda gani ni jinsi ilivyofungwa. Waombe wachague mkono ambao mtoto hanyonyi vidole vyake. Kwa kuwa hatembei bado, mguu nao unafaa. Kanula ibandikwe kwa plasta ya uwazi, iunganishwe na kipande kifupi cha mpira kinachokunjwa na kubandikwa pembeni, ili akivuta avute mpira na si kanula. Banzi laini lishike kiungo, bendeji isizunguke kwa kukaza, vidole vyote vionekane na tundu la kanula lionekane. Bendeji inayoficha kila kitu imeficha pia mkono unaovimba dawa ikivuja.

Kama si dharura, uliza kuhusu krimu ya ganzi. Ile ya lidokeini na prilokeini inahitaji takriban dakika 60 kabla ya sindano. Mnyonyeshe wakati wa kuchomwa kama hali inaruhusu. Maumivu hupungua kweli. Na muulize daktari kila siku kama dawa ya maji ya kunywa haitoshi sasa.

Tunaagiza vifaa vya hospitali. Kanula zote zinafanana machoni. Tutazame nini? (Afisa ununuzi)

Hazifanani. Tazameni malighafi: poliyurethani hulainika kwa joto la mwili na kuusumbua mshipa kidogo kuliko plastiki ngumu za kundi la Teflon. Tazameni urefu: agizeni kiasi cha sentimita 4.5 hadi 6 kwa idara yenye ultrasaundi. Kile kitundu cha rangi juu ya kanula, chenye kifuniko, hakiwezi kusuguliwa vizuri kwa spiriti. Ni bora kanula bila hicho, na kipande cha mpira chenye kiunganishi kisichotumia sindano, ambacho kichwa chake kinasuguliwa sekunde 15. Chuma kijifunike chenyewe kinapotoka, kumlinda muuguzi.

Halafu agizeni ukubwa wote kwa uwiano wa matumizi. Stoo ikibaki na kijani tupu, kijani ndiyo itakayowekwa kwa bibi wa miaka 80. Msisahau plasta za uwazi na klorheksidini ya asilimia 2 iliyochanganywa na spiriti ya asilimia 70. Dawa hiyo ya kusafishia ngozi huua vijidudu inapokauka, na gundi ya plasta haishiki ngozi yenye majimaji, kwa hiyo iachwe ikauke yenyewe, bila kupepewa.

Nilichomwa mara 6 na watu watatu. Ninaruhusiwa kusema basi? (Mgonjwa)

Unaruhusiwa. Utaratibu unaokubalika ni mtu mmoja asijaribu zaidi ya mara mbili, kisha amwite mwenye ujuzi zaidi au kifaa bora. Kumwita mwenzake wa ujuzi uleule, kwa macho yaleyale, ni kuanza hesabu upya juu ya mwili wako.

Mgonjwa mgumu kuchomwa anaweza kutambuliwa mapema. Kipimo kiitwacho A-DIVA, katika toleo lake lililorekebishwa, kinatazama mambo matano, kila moja alama 1: aliwahi kusumbua kuchomwa, muuguzi anaona atasumbua, mshipa hauonekani, haushikiki kwa kidole, au ukijaa haufiki milimita 3. Alama 4 au 5, mwenye ultrasaundi aitwe kabla ya sindano ya kwanza.

Wewe sema unapolazwa: mishipa yangu ni migumu, mara ya mwisho walifanikiwa mahali fulani, kwa namba fulani, kwa mashine au bila. Andika ukitoka hospitali, utayasahau. Kama hujazuiwa, kunywa maji mapema. Funika mkono kwa kitambaa cha joto dakika 5 hadi 10 na uuning'inize chini ya usawa wa moyo.

Kwenye dharura ya kufa na kupona mambo hubadilika. Hapo timu haitakiwi kuhangaika na mikono. Sindano ya mfupa chini kidogo ya goti huingia kwa sekunde chache, hupitisha maji, damu na dawa nyingi za dharura, na hutolewa ndani ya saa 24 mgonjwa akishapatiwa njia nyingine.